Mtiifu wa Tano

Dada yangu mkubwa, mlezi wangu wa pili,

Natumaini barua hii itakukuta umekaa, si umesimama jikoni na mwiko mkononi, maana ni ndefu na ina mahali utakapohitaji kiti. Hamjambo nyote? Mgongo wa shemeji umepona? Mapacha wameacha kung'atana? Mama aliniambia una mafua yasiyotaka kuaga. Pole sana, dada. Kunywa maji ya moto, na nguo za kufua mwachie shemeji japo wiki moja, hatakufa. Sisi huku ni wazima wa mwili. Roho zetu ndizo zilizokuwa zimelazwa majuma mawili haya, na sasa zimeruhusiwa kurudi nyumbani.

Najua Mama amekwambia kwamba mume wangu ameitwa mdanganyifu mbele ya watu. Na jinsi ninavyokujua, umeshanuna kwa niaba yangu na huenda umeshamtungia maneno ya kumwambia mkikutana. Ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu utanikatiza, na habari hii ikikatizwa sitaipatia tena mwanzo.

Niruhusu kwanza nimsifu kidogo. Miezi saba ya ndoa, dada, na bado nikisikia sanduku lake la vifaa likigonga ukuta wa ngazi pale chini, moyo wangu unatangulia mlangoni. Anatengeneza friji za watu mchana kutwa, na akirudi hanigusi mpaka anawe kwa sabuni ya unga hadi kwenye viwiko, kama daktari anayeingia kupasua mtu. Friji ikiwa na ugonjwa anaiwekea sikio ubavuni na kufumba macho. Nilimwona akifanya hivyo siku ya kwanza, alipokuja kutengeneza friji ya dawa pale kliniki kwetu, nami nikasema moyoni kwamba mtu anayesikiliza chuma kwa heshima namna ile, mke atamsikilizaje. Jina langu amelibandika mlangoni kando ya lake kwa utepe ule ule anaozibia mabomba ya gesi. Anasema utepe ule haubanduki.

Sasa tuingie kwenye habari yenyewe. Unajua kwamba mume wangu anapenda gemu. Si gemu la kitoto. Ni vita vya akili: watu watano dhidi ya watano, kila mmoja kwao na kompyuta yake, wameunganishwa kwa mtandao, wanasemezana kwa maikrofoni. Upande mmoja unalinda kiwanda kikuukuu, mwingine unakitaka. Kila upande una kamanda anayepanga nani akae wapi na nani azunguke wapi, na asiyepanga vizuri hufa mapema hata awe na shabaha ya namna gani. Mtaani kwetu mashindano yanaendeshwa na mama mmoja mwenye chumba cha gemu na kuchaji simu, tunamwita Mama Chaji. Yanachezwa kila Jumapili saa tisa alasiri. Mume wangu ni kamanda, na mkono wake wa kulia ni Mwalimu, yule wa hesabu aliyesimama naye siku ya harusi yetu, mrefu, aliyekuchekesha mpaka ukamwaga soda.

Mwezi wa tano wa ndoa yetu mchezaji wao wa tano, fundi bomba, aliondoka katikati ya mchezo. Alisema kwenye maikrofoni, wote wakisikia, kwamba amechoka kuamrishwa kama punda, akazima kompyuta yake. Mume wangu aliumia sana. Akaapa kwamba hatamleta mtu mwingine kwenye kiti kile. Kwa kanuni za gemu, kiti kikiwa hakina mtu, kompyuta yenyewe huweka askari wake, askari asiyeendeshwa na yeyote. Huenda anapoamrishwa, hukaa anapokalishwa, na kwa kawaida hufa kijinga. Kwa sababu hiyo Mama Chaji aliweka sheria yake: timu yenye mashine mahali pa mtu huanza mchezo na alama ishirini mkononi, kama fidia.

Askari yule mume wangu alimpa jina la Mtiifu, Mtiifu wa Tano. Alikuwa akiwaambia wenzake kwamba Mtiifu hanuni, hachelewi, na hana mkwe wa kumtembelea. Na wakati mwingine alinigeukia mimi, akacheka, akasema kwamba nyumbani pia Mungu amempa Mtiifu, kwa kuwa tangu tuoane sijawahi kumwambia hapana. Nami nilicheka. Uliniambia mwenyewe siku unanisindikiza kwamba mwaka wa kwanza mke hasemi hapana, anajifunza nyumba. Niliyashika maneno yako kama mtihani wa kidato cha nne.

Baada ya majuma matatu watu wakaanza kushangaa. Mtiifu wa Tano alikuwa hafi kijinga tena. Akiambiwa alinde mlango, analinda mlango na dirisha. Akiambiwa amfuate kamanda, anamfuata nyuma hatua mbili, anatazama kule kamanda asikotazama. Mume wangu akaamini kwamba amegundua siri ya kuziongoza mashine. Akanunua daftari la jalada jekundu, akaandika juu yake Namna ya Kumwongoza Mtiifu, na asubuhi tukinywa chai akinisomea. Kanuni ya kwanza, amri iwe fupi. Kanuni ya nne, amri isirudiwe mara tatu. Kanuni ya saba aliipenda kuliko zote, akanisomea mara mbili: Mtiifu akielekezwa kwa upole, hufanya zaidi ya aliloambiwa. Nilimwongezea chai. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda asubuhi ile, wala kuogopa namna ile.

Sifa zikaenea. Jumamosi moja Mama Chaji akamwita kwenye chumba chake awaeleze makamanda wengine mbinu zake. Nilikwenda naye. Alivaa shati jeupe, na Mwalimu akamtania mbele ya wote kwamba mtu ambaye mke wake anapiga pasi kila Jumapili alasiri asingetakiwa kuvaa shati lililotafunwa na mbuzi. Watu wakacheka. Mume wangu akasema kwamba waache wivu, wanaume wasio na mtu wa kuwapigia pasi. Kisha akafungua daftari akafundisha, na watu wazima ishirini na kitu wakanakili.

Ndipo ikafika nusu fainali, dhidi ya timu ya Kinyozi. Huyu ana kibanda chake ukuta mmoja na Mama Chaji, na ulimi wake unanyoa kuliko wembe. Mume wangu alikaa sebuleni na hedifoni zake. Mimi nilijifungia chumbani na meza ya pasi, kama kila Jumapili. Ukuta wetu ni mwembamba, kila amri niliisikia. Mchezo ulikuwa mgumu. Zilipobaki dakika mbili walikuwa wamebaki mume wangu na Mtiifu tu, na upande wa pili Kinyozi peke yake. Mume wangu alikuwa juu ya paa la kiwanda, akamwamuru Mtiifu akae kwenye ngazi, asiondoke. Mtiifu akaondoka. Alizunguka nyuma ya tangi la maji, akamkuta Kinyozi amelala hapo kifudifudi na bunduki imeelekezwa kwenye mgongo wa mume wangu, akammaliza kwa risasi moja. Kisha, dada, akaruka. Aliruka juu mara mbili pale pale alipo, kama mtoto aliyeambiwa kesho hakuna shule.

Mashine hairuki kwa furaha.

Jumatano iliyofuata Mama Chaji aliita timu zote mbili. Kinyozi alikuwa amerekodi mchezo, akauonyesha kwenye skrini kubwa, akausimamisha pale pa kuruka. Akauliza kama na hiyo imo kwenye daftari, kanuni ya ngapi, ili naye aandike. Akasema kwamba kiti kile kina mtu, kimekuwa na mtu tangu zamani, na hawa jamaa wamekula alama ishirini za bure kila Jumapili na bado wanawafungulia watu darasa. Mume wangu alisimama. Sauti yake haikupanda, ungedhani anamweleza mteja bei. Akasema kwamba ametengeneza friji miaka tisa katika mtaa huu na hajamwekea mtu kifaa kikuukuu akamwambia ni kipya. Akasema kwamba kama kiti kile kilikaliwa na mtu, basi wamwite mwongo, na wamwite hivyo mbele ya mke wake, mimi niliyesimama kando yake. Akaniwekea mkono begani. Ulikuwa na joto mpaka nikahisi utaniunguza.

Mama Chaji akasema hana haja ya viapo. Mtambo wake unaweka kumbukumbu ya kila kiti na kompyuta iliyokiendesha, na Jumamosi saa nne fundi wake atakuja kuzifungua mbele ya wote. Likionekana jina la mashine, Kinyozi ataomba radhi. Ikionekana kompyuta ya mtu, watajua imetoka nyumba gani.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Siku mbili zile sitaki hata adui yangu azione. Chakula alikigeuza geuza kama mtu anayetafuta msumari ndani yake. Alikaa mezani akiandika nani anajua nenosiri la timu, ambalo ni tarehe ya harusi yetu. Aliandika wenzake watatu. Akaandika na mimi, halafu akanikata kwa mstari mmoja, hata kalamu haikusita. Akasema kwa upendo kabisa kwamba mimi hata rimoti hunishinda. Nilikwenda jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi.

Alhamisi akawatoa wawili kwa sababu hizi na zile, akabaki Mwalimu. Akaanza kuunganisha mambo. Mwalimu ana kompyuta mbili. Mwalimu ndiye aliyekuwa akimsifu Mtiifu kuliko wote. Mwalimu alikuwa akicheka sana siku ile ya darasa. Niliona jinsi shaka inavyojenga nyumba ndani ya mtu, tofali moja moja. Ijumaa alirudi kutoka kazini mapema, akasema anakwenda shuleni kwa Mwalimu kumwambia ana kwa ana, na kwamba akitoka huko hana rafiki tena. Alikaa kwenye kiti cha mlangoni akavaa viatu vyake vya heshima. Kiatu cha kushoto kikaingia. Nikajikuta nimesimama mlangoni nimeegemea kitasa, naye akaniomba nimpishe.

Nikamwambia hapana.

Dada, kaa sasa. Nilimwambia nitakayokuandikia wewe, na Mama usimsomee ukurasa huu mpaka uone ameshakula. Laptopu uliyonipa nikasomee cheti cha utunzaji wa kumbukumbu, ile niliyokwambia imeharibika skrini, haikuharibika. Ilikuwa juu ya meza ya pasi kila Jumapili saa tisa, na pasi yenyewe haikuwa imechomekwa. Mtiifu wa Tano ni mimi. Nilijifunza siku ambazo zamu yangu ya kliniki inaishia saa sita. Niliingia kwa tarehe ya harusi yangu, nikajiandika jina lile lile la mashine, nikakaa kwenye kiti bila maikrofoni, nikafuata amri zilizokuwa zikipita ukutani. Jumapili sita, dada.

Utaniuliza kwa nini. Mwanzoni nilitaka tu kuwa mahali alipo. Wiki nzima ninamsubiri, na Jumapili ikifika anavaa hedifoni anakwenda mahali nisipopajua, kumbe ni hatua nane kutoka kitandani. Nilipoingia kule nilimkuta. Nikamfuata nyuma, nikamlinda mgongo. Huku nje mke anampikia mume na kumwombea arudi salama. Kule ndani nilikuwa nikihakikisha mwenyewe. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza, na nikajiambia kwamba ni mchezo tu.

Lakini sitajitetea mpaka mwisho. Sheria ya alama ishirini sikuijua mwanzoni. Niliijua Jumapili ya nne, nilipomsikia akizihesabu ng'ambo ya ukuta. Nilijua kuanzia pale kwamba ninamfanya mdanganyifu bila yeye kujua. Ningeweza kuacha, Mtiifu akarudi kuwa mjinga, na daftari likafungwa kimya kimya. Sikuacha, kwa kuwa sikutaka kuiona sura yake asubuhi ile atakapogundua kwamba kanuni zake hazifanyi kazi tena. Na kwa kuwa nilikuwa mzuri, dada. Hilo pia lazima nilikiri. Sijawahi kuwa mzuri katika kitu namna ile.

Alinisikiliza kama anavyosikiliza friji, ila macho hakuyafumba. Kiatu cha kulia kilikuwa bado mkononi. Kwanza aliuliza kama ni mimi pale kwenye tangi la maji. Nikasema ni mimi. Akasema alikuwa ameniambia nikae kwenye ngazi. Nikasema ningekaa kwenye ngazi angekufa. Akavuta lile daftari jekundu, akalifungua kanuni ya saba, akaniuliza kama na hiyo ilikuwa uongo, ile ya upole. Nikamwambia kwamba hiyo ilikuwa kweli, pengine ndiyo peke yake iliyokuwa kweli, kwamba akinena kwa upole nilikuwa nikitamani kufanya mara mbili. Akalifunga. Akatoka na kiatu kimoja, akakaa kwenye ngazi za jengo mpaka majirani waliorudi kutoka kazini wakawa wanamruka.

Jumamosi asubuhi aliniambia nibaki, atasema mwenyewe, kamanda hujibu kwa ajili ya watu wake. Nikasema hapana tena. Ya pili ilikuwa nyepesi kuliko ya kwanza. Tulitembea bila kushikana mikono. Fundi wa Mama Chaji alikuwa bado hajafika. Nilisimama mbele ya watu wale, nikasema yote, hata la Jumapili ya nne, na la kwamba mume wangu alipoapa aliapa kwa kweli aliyokuwa akiijua. Mama Chaji alinisikiliza huku akikunja waya kwenye kiwiko. Akauliza kama nimemaliza. Akafuta michezo yote sita, akaitoa timu kwenye mashindano, akaendelea kukunja waya wake. Mwalimu, ambaye amepoteza fainali bila kosa lake, na ambaye hajui jinsi alivyokaribia kupoteza na rafiki, alilitazama shati la mume wangu kwa muda mrefu, akasema kwamba sasa ameelewa. Hapo watu walicheka, hata mimi, machozi yakinitoka. Kinyozi hakucheka. Akasema kwamba anataka ijulikane kuwa ameuawa na mtu aliyesimama kwenye meza ya pasi, na kwamba msimu ujao mwanamke huyu asipoandikishwa kwa jina lake, yeye haji, maana ana deni la risasi moja.

Lakini mume wangu hakusema kitu. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Alinena ya chumvi na ya funguo tu. Alinipa mgongo kitandani, mgongo ule ule nilioulinda. Sikumlaumu. Alikuwa amefundisha watu wazima ishirini mambo ambayo hayakuwepo, na aibu hiyo haioshiki kwa sabuni ya unga. Nilianza kufikiri nitakuandikia barua ya namna nyingine kabisa, ya kukuomba chumba kile cha mapacha.

Jumatano nilitoka kliniki saa kumi. Nilipofika kwenye jengo letu nilimkuta amesimama chini ya ngazi na ovaroli yake ya kazi, sanduku la vifaa mkononi, kama mtu aliyesahau nyumba yake ni ghorofa ya ngapi. Tulitazamana. Nilidhani ananipisha nipande. Akaliweka sanduku chini polepole. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha mume wangu, dada, mwenye mwili wake ule unaoujua, akaruka juu mara mbili pale pale alipo. Spana zikalia sandukuni. Mama wa ghorofa ya kwanza akafungua mlango kuuliza nini kimeanguka, nami sikuweza kumjibu, maana nilikuwa nimeshafika kifuani kwa mtu wangu, na gesi na grisi na vyote.

Kwa hiyo usimtungie maneno. Maneno yako nitungie mimi, nastahili. Laptopu ni nzima, samahani sana, na masomo ya cheti nimeyaanza Jumatatu hii, kweli ya Mungu safari hii. Daftari jekundu analo bado. Amechana jalada tu, na kurasa nyeupe zilizobaki tunaandika wote wawili, tukigombana kila mstari. Juzi tulipofanya mazoezi ya msimu ujao aliniambia nikae kwenye ngazi. Nikamwuliza kwa nini. Akanieleza, na kusema kweli alikuwa na sababu nzuri.

Msalimie shemeji na mgongo wake, wabusu mapacha, mmoja mmoja wasigombane. Mama mwambie kwamba mkwewe si mdanganyifu, binti yake ndiye, naye ameomba radhi. Nijibu upesi, hata kama ni matusi. Ila Jumapili saa tisa usinipigie simu. Nitakuwa kwenye ngazi, au popote nitakapoona panafaa.

Mdogo wako akupendaye, mke wa fundi friji,
Kitinda